Malengo tunapanga vizuri, wiki ya tatu yamekufa. Nifanyeje na timu yangu?

SWALI: "Habari mtaalamu. Naongoza timu ya watu tisa. Kila mwanzo wa robo mwaka tunakaa siku mbili nzima tunapanga malengo, watu wanachangia vizuri, wanaahidi, tunapiga picha ubao tunaituma kwenye grupu. Wiki ya kwanza moto, wiki ya tatu kila mtu amerudi kwenye mambo yake ya zamani. Robo iliyopita tuliweka malengo saba, tukamaliza mawili. Kila Ijumaa nakumbusha kwenye grupu, wananijibu 'sawa bosi' halafu kimya. Bosi wangu anasema timu haina ari, anataka tuweke faini kwa wanaochelewesha na bonasi kwa watakaofikisha, au tulete mtu wa kuwahamasisha. Mimi naona watu wangu sio wavivu, wanakaa ofisini hadi usiku. Sasa tatizo liko wapi? Au mimi ndo sijui kuongoza?"

JIBU: Asante kwa swali ndugu yangu, na asante zaidi kwa kuliandika na namba zake, maana wengi wananiandikia "timu yangu haifanyi kazi" tu na mimi nabaki sijui nishike wapi. Kwako najua: watu tisa, malengo saba, yametimia mawili, na yanaanza kufa wiki ya tatu. Halafu kuna hiyo sentensi umeipitisha haraka mwishoni, kwamba wanakaa ofisini hadi usiku. Mimi nimeishika hiyo. Mtu asiyejali kazi haondoki usiku, anaondoka mapema kadiri awezavyo, kwa hiyo nusu ya swali lako umeshalijibu mwenyewe. Hawa watu wanafanya kazi, tena sana, ila kazi wanayofanya sio ile mliyoandika ubaoni. Tunachotakiwa kujua ni nini kinakula hayo masaa yote, na kwa nini malengo yenu hayapati hata kipande kidogo cha masaa hayo.

Nianze na hili la ari maana ndo linakuumiza. Karibu kila bosi anawaza kama bosi wako, kwamba mtu asipotimiza alichoahidi basi hakukitaka vya kutosha, na dawa yake ni kumfanya akitake zaidi. Huenda hata mmeshasimuliwa kile kisa cha wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale mwaka 1953, kwamba asilimia 3 walioandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuliko asilimia 97 waliobaki wote ukiwajumlisha. Kinasimuliwa mno kwenye semina. Utafiti huo haukuwahi kufanyika, watu walishautafuta mpaka chuoni kwenyewe na hamna kitu. Nakutajia kwa sababu imani hiyo ndo inayofanya timu nyingi zitumie siku mbili kuandika malengo na dakika sifuri kupanga Jumanne itakuwaje. Mtu wa kuhamasisha atakuja, atasema vizuri, watu watasimama wapige makofi, na utapata nguvu ya soda, yani kitu kilekile ambacho tayari unakipata bure kwenye zile siku mbili zenu. Wiki ya kwanza huna shida ya ari. Shida yako ni wiki ya tatu.

Nikueleze nilichokiona kwenye timu moja niliyokaa nayo, ukubwa wake kama wa kwako tu. Malengo yao yalikuwa yamebandikwa ukutani kwenye karatasi kubwa, herufi za rangi, kona moja ya juu gundi imeachia inaning'inia. Nikagawa vikaratasi, nikaomba kila mtu aandike bila kuongea na mwenzake kitu kimoja: wiki hii, kwa ajili ya lengo la pili pale ukutani, wewe utafanya nini na siku gani. Lengo la pili lilikuwa "kuboresha huduma kwa wateja". Nikawapa dakika tano. Zikarudi karatasi nane. Nne tupu. Mbili zilikuwa na jina la mwenzao mmoja, yani hao wawili walikuwa wanaamini ile ni kazi ya fulani, na karatasi ya huyo fulani ilikuwa moja ya zile nne tupu. Moja imeandikwa "kuwa makini zaidi". Moja tu, ya dada aliyekuwa amekaa karibu na mlango, ilikuwa na kitu unachoweza kukiona kikifanyika: "kuwapigia simu wateja watatu waliolalamika mwezi uliopita". Hata hiyo haikuwa na siku.

Hakuna mvivu hata mmoja mle ndani, na lile karatasi walikuwa wanalipita kila asubuhi. Lakini fikiria mtu anakaa mezani kwake saa tatu, anafungua kompyuta. Barua pepe ya mteja aliyekasirika ina jina lake, ina muda, na upande wa pili kuna mtu anasubiri. Meseji ya kutoka kwako "naomba ile ripoti kabla ya mchana" nayo ina jina, ina saa, ina mtu anayesubiri. Lengo la robo mwaka halina hata kimoja kati ya hivyo vitatu, ni maneno mazuri ya wote, ya wakati wowote, na hamna atakayepiga simu leo kuuliza. Kwa hiyo kila siku, kila saa, linashindwa. Na halishindwi kwa sababu mtu ameamua kuliacha, hakuna siku mtu anakaa akasema leo naachana na lengo la pili, linasogezwa tu kesho, na kesho nayo ina barua pepe zake, mpaka unashtuka wiki ya kumi na mbili imefika.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kulipa lengo vitu vile vile ambavyo barua pepe inavyo. Na hapa kuna utafiti wa kweli wa kushika. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, amechunguza kwa miaka mingi tofauti kati ya kusema "nakusudia kufanya" na kusema "ikifika saa fulani, mahali fulani, nitafanya hivi". Kwenye jaribio lake moja lililochapishwa mwaka 1997 wanafunzi waliombwa waandike ripoti fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi. Wale waliotaja tu kwamba wataandika, karibu theluthi moja ndo waliandika kwa wakati. Wale walioambiwa wataje kabisa lini na wapi watakaa kuandika, zaidi ya theluthi mbili waliandika. Kazi ile ile na sikukuu ile ile, sentensi moja tu imeongezeka. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran wakakusanya majaribio 94 ya namna hiyo na picha ikabaki hiyo hiyo, mpango wa aina ya "ikifika hivi nitafanya hivi" unasaidia sana. Sababu yake ni rahisi kuielewa: uamuzi umeshafanyika kabla, saa ikifika mtu haanzi tena kujadiliana na nafsi yake kama aanze au asianze, ile saa au ile sehemu yenyewe ndo inamkumbusha.

Tuchukue hilo hilo la huduma kwa wateja tulipeleke hatua kwa hatua. "Kuboresha huduma" hakuna anayeweza kukuambia limetimia au bado. Ukiuliza wateja wanalalamikia nini hasa, unaweza kukuta ni kukaa siku mbili bila jibu. Basi lengo linakuwa "kila malalamiko yajibiwe mara ya kwanza ndani ya masaa manne ya kazi, ifikapo mwisho wa mwezi wa tatu". Hapo sasa kuna kitu cha kupima, lakini bado hakijamgusa mtu. Endelea: nani mwenye hili? Mmoja, jina moja, hata kama watafanya watatu. Na huyo mmoja wiki hii atafanya nini? "Jumanne na Alhamisi nikishakaa mezani, kabla sijafungua barua pepe zangu, nitapitia malalamiko yote ya jana nione yapi yamepita masaa manne na nimuulize aliyekuwa zamu kilichomkwamisha." Hiyo ni kazi. Mtu akiisoma anajiona kabisa akiifanya, kiti chake, siku yake. Na naomba aandike yeye mwenyewe, usimwandikie, kwa sababu yeye ndo anajua Jumanne asubuhi kwake kukoje.

Hili la jina moja watu wengi wanalikataa, wanaona kama linavunja umoja wa timu, mnasema "hili ni letu sote". Naelewa, na nia yake ni njema. Ila mhandisi wa kilimo wa Ufaransa aliyeitwa Max Ringelmann, matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913, alipima watu wakivuta kamba, akakuta wakiwa wanane pamoja kila mmoja anatoa karibu nusu tu ya nguvu anazotoa akivuta peke yake. Sehemu ya upungufu ule ni kushindwa kuvuta kwa pamoja. Lakini mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Bibb Latané, na wenzake wakafanya jaribio kama hilo kwa kelele, watu wakafungwa macho na kuwekewa vifaa masikioni wakidhani wanapiga kelele na wengine kumbe wako peke yao, na bado kila mmoja akapunguza sauti. Na walipoulizwa, wengi hawakusema kwamba wamepunguza. Na baadaye kundi hilo hilo la watafiti likaonesha kitu ambacho ni habari njema kwako, kwamba watu wakijua sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake, ule upungufu unaondoka. Kwa hiyo jina moja kwenye lengo halimfanyi mtu abebe peke yake, linafanya mchango wake uonekane. Wasaidizi waandikwe, sawa, lakini swali "limefika wapi" liwe na mtu mmoja wa kulijibu, la sivyo mtatupiana mpira mpaka robo iishe.

Sasa naomba uvumilie kidogo kwa sababu nakuja kwako. Malengo saba kwa watu tisa ndani ya wiki kumi na tatu ni mengi, na hayo saba yamewekwa juu ya kazi za kila siku ambazo hamkupunguza hata moja. Njia mbili zilimshinda fisi, nyie mmempa saba. Kuna hesabu moja ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961 na inatumika kwenye viwanda na hospitali: wastani wa muda ambao kazi inakaa mikononi ni sawa na idadi ya kazi zilizoshikwa ukigawanya kwa kasi ya kuzimaliza. Chukua mfano timu imeshika kazi 36 kwa wakati mmoja na inamaliza 6 kwa wiki. Kila kazi itachukua wastani wa wiki 6 kutoka, karibu nusu ya robo mwaka yenu. Shusheni zilizoshikwa ziwe 18, kasi ikibaki ile ile, kila kazi inatoka kwa wiki 3. Hakuna aliyekimbia na hakuna aliyekaa hadi usiku, mmeacha tu kuanza vitu vipya kabla ya kumaliza vya zamani. Mimi ningekuambia robo ijayo mchukue malengo mawili, tena ukinibana nitakubali matatu, na yale mengine yaandikwe kwenye karatasi nyingine kabisa yenye kichwa "robo hii hatufanyi", ili watu wajue yamewekwa kando kwa makusudi na sio kwamba wameyasahau.

Na kuna kitu kingine ambacho nimekikuta kwa viongozi wengi wazuri, wanaojali kweli. Chukua daftari dogo, kwa wiki mbili kila ukimwomba mtu wa timu yako kitu ambacho hakimo kwenye malengo, andika: nani, saa ngapi, kitu gani. Ile "hebu niangalizie hii mara moja", ile "bosi anataka takwimu za mwezi jana", zote. Kiongozi mmoja nilimpa zoezi hili akarudi na ukurasa umejaa mbele na nyuma, kimya kabisa, halafu akaniambia, "Mimi ndo nilikuwa naua malengo yangu." Alikuwa anapokea kila kitu kutoka juu na kukishusha chini kama kilivyo, ndani ya dakika tano, akidhani huo ndo uchapakazi. Watu wake walijifunza haraka sana kwamba kinachopimwa kweli ni nani anamjibu bosi upesi. Sisemi na wewe uko hivo, sikujui kiasi hicho, nasema pima kabla hujawaangalia wao. Ukikuta ndivyo, tiba yake ni kwamba kila ombi jipya linalokuja uulize mwenyewe kwanza, na ukilazimika kulishusha ulishushe na sentensi hii: "hili likiingia, tunatoa lipi?"

Tukija kwenye ukumbusho wa Ijumaa. Hapo unafanya kitu sahihi kwa njia ambayo haiwezi kuzaa. Mwaka 2016 kundi la watafiti walikusanya tafiti 138 zenye washiriki karibu 20,000 kuangalia kama kufuatilia maendeleo kunasaidia kutimiza malengo. Kunasaidia, na kunasaidia zaidi pale maendeleo yanapoandikwa mahali au yanaposemwa mbele za watu. Sasa angalia "jamani tusisahau malengo yetu", haiulizi chochote, haina namba, imetumwa kwa watu tisa kwa pamoja, na jibu lake la heshima kabisa ni "sawa bosi". Wamekujibu vizuri kulingana na ulichouliza.

Badilisha na kikao kifupi, siku moja ile ile kila wiki, dakika kumi na tano, mkiwa mmesimama au mmekaa haijalishi, mbele ya ubao wenye malengo mawili tu na namba zake. Mwenye lengo anasema vitu vitatu: niliahidi nini wiki iliyopita na nimefanya au sijafanya, namba imesogea au haijasogea, na wiki hii nitafanya nini siku gani. Basi. Hakuna hotuba, mambo mengine yote yanasubiri kikao kingine. Inasikika hivi: "Niliahidi kupitia malalamiko Jumanne na Alhamisi. Jumanne nilifanya, Alhamisi sikufanya kwa sababu niliitwa kwenye kikao cha bajeti. Yaliyojibiwa ndani ya masaa manne yalikuwa kumi na moja kati ya ishirini, wiki iliyopita yalikuwa tisa. Wiki hii nahamisha Alhamisi iwe Jumatano asubuhi, na naomba mtu asiniwekee kikao kabla ya saa nne." Umeona pale alipokwama, na umeona ameomba kitu ambacho wewe kiongozi unaweza kumpa saa hiyo hiyo.

Kila kitu kinategemea utafanya nini siku ya kwanza mtu akisema "sijafanya". Chumba kizima kitakuangalia wewe. Ukikunja uso, ukauliza "kwa nini?" kwa ile sauti tunayoijua wote, wiki inayofuata kila kitu kitakuwa "kinaendelea vizuri" mpaka wiki ya mwisho ndo ukweli unatoka. Amy Edmondson, mtafiti wa chuo kikuu cha Harvard, aliwahi kuchunguza timu za hospitali akitegemea timu bora zitakuwa na makosa machache ya dawa, akakuta zinaripoti makosa mengi zaidi, na alipochimba akaelewa kwamba kwenye timu zile watu walikuwa hawaogopi kusema. Kwa hiyo mtu akikuambia hajafanya, sema asante kwa kusema mapema, halafu uliza "nini kiliingia hapo katikati?" na "wiki hii tupunguze kiwe kidogo kiasi gani ili kiwezekane?" Hii sio kulea uzembe. Ahadi inabaki pale pale, wiki ijayo ataulizwa tena mbele ya wenzake, ila ameulizwa na mtu anayetaka kazi iende.

Tarehe nitapita haraka. Watu wote tunajidanganya kwenye muda, hata wenye uzoefu. Utafiti wa Canada wa mwaka 1994 uliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao, wastani wa walichotaja ni kama siku 34, wakatumia kama 55. Kinachosaidia ni kuuliza "mara ya mwisho kitu kama hiki kilituchukua muda gani?" badala ya "unaona kitachukua muda gani?", na kuweka hatua ndogo za kila wiki mbili ili kuchelewa kuonekane mwezi wa kwanza mkiwa bado mna nafasi ya kurekebisha.

Sasa faini na bonasi. Mwaka 2000 wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha jaribio walilofanya kwenye vituo 10 vya kulea watoto mjini Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto, kwenye vituo 6 wakaweka faini ndogo, na kuchelewa kukaongezeka mpaka karibu mara mbili. Mwanzoni mzazi alikuwa anamwonea haya mwalimu anayemsubiri, baada ya faini akaona sasa nalipia. Walipoiondoa, hali haikurudi ilivyokuwa. Hilo ndo linalonitisha kwa timu yako, kwamba watu ambao leo wanakaa hadi usiku kwa sababu wanajali utawafundisha kuhesabu. Bonasi siipingi moja kwa moja, kwa kazi ambayo mtu anaifanya peke yake, inahesabika wazi na ubora wake unaonekana, inaweza kusukuma. Ila inasukuma namba, na mtu aliyebanwa atapata namba kwa njia yoyote. Benki ya Marekani, Wells Fargo, mwaka 2016 ilitozwa dola milioni 185 kwa sababu wafanyakazi waliobanwa na tageti za mauzo walikuwa wanafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Kwa malengo kama yenu, ambayo mmoja anamtegemea mwenzake, mtu akikimbilia bonasi yake ataacha kumsaidia jirani. Na zaidi ya yote, faini wala bonasi hazijibu lile swali la vikaratasi. Mtu asiyejua Jumanne atafanya nini hawezi kulijua kwa kuongezewa hela.

Niwe mkweli pia kuhusu haya ninayokushauri. Yanachosha kidogo, kikao cha kila wiki wiki ya tano kitakuwa kizito na utatamani kukiahirisha mara moja tu, na ukiahirisha mara mbili mfululizo kimekufa, kwa hiyo hata ukiwa safarini mtu mwingine akiendeshe. Kuna kazi ambazo hazikubali namba za kila wiki, kama mko kwenye utafiti au ubunifu ambako hujui kitakachotoka, hapo pimeni mlichojaribu na mlichojifunza. Na inawezekana baada ya miezi miwili mitatu ukakuta mtu mmoja ambaye kila wiki hajafanya, kazi yake imepunguzwa, vikwazo vimeondolewa, na bado. Huyo ongea naye faragha, usimwadhibu kwa kubadilisha utaratibu wa watu wote tisa.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatatua na nisingependa uyabebe peke yako. Kama watu wanakuambia ukweli wakiwa wawili wawili ila kikaoni wote kimya, au kuna watu wawili hawasalimiani na kazi inapita kwa mtu wa tatu, tafuta mwezeshaji wa nje aje akae nanyi, mtu asiye na upande, maana wewe ni sehemu ya hiyo hali hata kama hukuianzisha. Kama kuna unyanyasaji au vitisho, hilo ni la watu wa rasilimali watu na taratibu za sheria za kazi, usilimalize kwa mazungumzo ya pembeni. Na hili la kukaa hadi usiku liangalie kwa karibu. Ukiona mtu aliyekuwa mchangamfu amekuwa mkali au kimya, halali, anasahau vitu alivyokuwa anavijua, anaumwa kichwa kila wiki, hapo usimpe mpango wa Jumanne. Mpunguzie mzigo kwanza, kaa naye, na umsaidie amwone daktari au mshauri nasaha. Na wewe pia, kwa jinsi ulivyomaliza swali lako, kama hilo la "mimi ndo sijui kuongoza" linakukosesha usingizi, ongea na mtu ana kwa ana.

Bosi wako mwambie hivi, kwa maneno yako: "Naomba robo hii moja kabla hatujaweka faini. Nitachukua malengo mawili tu, kila moja lina mtu mmoja, kila Jumatatu utaona namba zake. Ninachohitaji kwako ni kwamba kazi mpya zikija zipitie kwangu na tukubaliane tunatoa lipi." Akikataa malengo mawili, mwombe achague yeye kati ya yale saba ni yapi mawili ambayo yakishindikana yatamuuma zaidi, halafu anza nayo hayo. Robo ikiisha niandikie tena, uniambie ilikuwaje wiki ya tatu.